Muulize Shangazi: Nimepata chuo London, na mtoto wangu ana miaka miwili na nusu

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni afisa muuguzi katika kituo cha afya huku Ukerewe. Nina miaka 33, nina mume na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miaka miwili na nusu. Mwezi uliopita nilipata barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii London, mwaka mmoja, kuanzia mwishoni mwa Septemba. Chuo chenyewe ndicho kinachonifadhili, ada yote na posho ya kila mwezi. Niliisoma ile barua mara tatu nikiwa zamu ya usiku, nikazima simu, nikaenda kumpima presha mama aliyejifungua. Mikono ilitetemeka mpaka akaniuliza mgonjwa ni yeye au mimi.

Sasa furaha imeisha, imebaki hofu. Mume wangu ni mwalimu. Hajakataa, lakini hajakubali. Anasema "nenda", halafu anakaa kimya siku mbili. Mama mkwe amesema wazi kwamba mwanamke hamwachi mtoto wa umri ule akaenda kusoma. Nimeuliza kama ninaweza kwenda nao, kila mtu ananipa jibu lake.

La pili ni hesabu. Kidato cha nne nilipata D, na tangu hapo hesabu zangu ni za dozi na matone ya dripu. Nimeona kwenye ratiba kuna takwimu na epidemiolojia, ile elimu ya magonjwa yanavyoenea katika jamii, tangu mwanzo. Naogopa kwenda kuaibika mbele ya madaktari.

La tatu, nilitaka kufanya utafiti juu ya kichocho. Dawa zinagawiwa shuleni mwaka hadi mwaka, na bado tunaletewa wavuvi wanaotapika damu, wengu umejaa tumbo. Lakini naona kama mada hii ni ya kijijini mno kuipeleka kule.

Na mwisho, usinicheke: dagaa wanaruhusiwa kuingia nao?

Muuguzi wa Ukerewe

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja, sikuliona: kibali. Umeniandikia habari za mume, mama mkwe, hesabu na dagaa, mwajiri wako hayumo. Wewe ni mtumishi wa halmashauri. Ukipanda ndege bila kibali cha masomo utahesabiwa mtoro kazini, na utoro unafukuzisha kazi hata kama ulikwenda kusomea namna ya kuondoa kipindupindu duniani. Basi kabla ya jambo lolote andika barua kwa Mkurugenzi, ipitie kwa mganga mfawidhi wako na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambatisha barua ya chuo na ya ufadhili. Usiiache masijala ukarudi nyumbani kusubiri. Ondoka na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Muulize Afisa Utumishi kama mshahara utaendelea, na mkataba utakaosaini unakudai urudi ufanye kazi miaka mingapi. Barua yangu mimi, nikiwa muuguzi kama wewe na naenda kusoma London, ilikaa wiki saba. Hakuna aliyeikataa, ilikuwa imelaliwa na faili la likizo za watu wengine.

Sasa nyumbani. Jibu la kwenda nao ni fupi na halipendezi. Kwa kozi zinazoanza tangu 1 Januari 2024, Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa darasani kuleta mume wala watoto. Wanaoruhusiwa ni wa shahada za utafiti, kama uzamivu, na waliofadhiliwa na serikali. Wewe umefadhiliwa na chuo. Akija mtu kukuambia "kuna njia" na njia yenyewe inahitaji hela ya kuanzia, mpe kiti, mpe maji, umsindikize.

Mimi niliondoka 2011. Nilimwacha binti yangu Pangani kwa mama yangu, ana miaka mitatu. Watu walinifariji kwamba watoto wadogo husahau haraka. Ni kweli, na ndiyo ilikuwa shida yenyewe: alinisahau. Mwezi wa kwanza alikuwa akiililia simu. Kufika Februari, akiisikia inaita anampa bibi yake na kujificha nyuma ya mlango. Niliporudi Oktoba nilimsikia nje akimwambia mtoto wa jirani, "Yule mama wa kwenye simu amekuja." Nilikuwa nimeshika begi la zawadi. Nililiweka chini nikakaa juu yake.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba hakuumi. Nitakuambia nilichofanya. Sikumchukua. Nilikaa kwa mama wiki tatu, tukilala mkeka mmoja watu watatu, bibi akiendelea kumwogesha na kumlisha, kazi yangu kuchota maji. Wiki ya pili akaja na kitana, akakaa kati ya magoti yangu nimsuke, bila kusema neno. Leo anamaliza sekondari, na habari ya "mama wa kwenye simu" hunikumbusha akitaka hela tu.

Huyo wako mdogo naye asizungushwe. Abaki nyumba ileile, na mtu yuleyule, kuanzia siku unayoondoka mpaka unarudi. Na huyo mama mkwe anayekupigia kelele ndiye ninayemtaka. Bibi anayemgombania mjukuu hivyo hatamwacha alale njaa. Tatizo ni kwamba nadhani ulimpa taarifa. Rudi, kaa chini mkekani, umwombe. Umwambie tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, umwachie bima ya watoto na kadi za kliniki mkononi mwake, si kwenye kabati la mumeo.

Simu ipangieni saa moja isiyobadilika, na ujue hila ya saa zao. Ukifika Septemba, Ukerewe itakuwa mbele ya London kwa saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa tatu. Mimi sikujua. Wiki nzima nilikuwa napiga mtoto ameshalala, nikadhani mama amenikasirikia.

Kimya cha mumeo nakifahamu. Hofu ya kufua na kupika ataizoea baada ya wiki mbili. Anaogopa hutarudi, na kwamba walimu wenzake wataanza kumuuliza ofisini, "Shemeji anarudi lini?" kwa sauti ile. Ana sababu, wauguzi waliokwenda kusoma wakabaki huko wanafanya kazi tunawajua, wewe na mimi. Muulize waziwazi, "Unaogopa sitarudi?" Umwache amalize kujibu. Mkishamaliza hilo, kaeni na daftari muandike mshahara wako utafanya nini mwezi hadi mwezi, na kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu kumbukeni ile asilimia 15 ya mshahara inayokatwa. Usimpe kadi ya benki mtu wa tatu. Mimi yangu nilimwachia ndugu yangu wa damu. Nilirudi nikakuta mtoto wangu mkubwa anadaiwa ada ya mihula miwili na ndugu yangu ana pikipiki mpya.

Haya, hesabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu na mimi D yangu ninayo.

Chuo chetu kilikuwa pale Keppel Street, katikati ya London. Siku ya kwanza nilisimama nje nikitazama juu kwenye vibaraza vya madirisha. Wamebandika sanamu za mbu, chawa, kiroboto, mbung'o, panya, wote wamepakwa rangi ya dhahabu. Nilicheka peke yangu barabarani. Wadudu tunaowapulizia dawa kwetu, huku wamevishwa kama bibi harusi. Nikaingia ndani, na kicheko kikaishia mlangoni. Mwalimu wa takwimu aliandika ubaoni alama za Kigiriki, na kila aliyekuwa jirani yangu alikuwa anatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Wiki tatu sikufungua mdomo. Nilikuwa nimekaa karibu na daktari wa upasuaji, mtu mzima mwenye jina kwao, mpaka siku moja akaniinamia akaninong'oneza, "Dada, wewe unaelewa?" Ndipo nilipojua kwamba kutikisa kichwa si kuelewa.

Somo lililonifungua macho lilikuja mwezi wa pili. Mwalimu alionyesha ramani, nikaona ziwa ninalolijua. Mwanza! Nilikuwa nimefanya kazi Magu miaka minane, nikasafiri nusu ya dunia na makoti mawili ya mtumba, kumbe nakwenda kufundishwa habari za zahanati za mkoa uleule.

Utafiti wenyewe ulichapishwa 1995 katika jarida la Lancet, nawe ukifika utausikia. Walichukua jamii 12 za vijijini wakazigawa jozi sita. Katika kila jozi, upande mmoja zahanati ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, upande wa pili ukasubiri. Walitaka kujua kama kuyatibu magonjwa hayo kunapunguza maambukizi ya Ukimwi. Baada ya miaka miwili, palipoboreshwa walioambukizwa walikuwa asilimia 1.2. Pasipoboreshwa, asilimia 1.9.

Chukua kalamu, mwanangu. Gawanya 1.2 kwa 1.9. Umepata 0.63? Maana yake hatari ilishuka ikabaki chini kidogo ya theluthi mbili. Wenyewe wakarekebisha tofauti za jamii na jamii, wakasema maambukizi yalipungua kwa karibu asilimia 40. Umeshafanya epidemiolojia, na hukuhitaji zaidi ya kugawanya. Kinachofuata, zile alama za Kigiriki, ni namna ya kuuliza, "Je, tofauti hii ingeweza kutokea kwa bahati tu?" Hilo ni swali unaloliuliza kila mwezi ukijaza ripoti ya MTUHA, zile takwimu za wagonjwa wa kituo, na kuona malaria imepanda ghafla: imepanda kweli, au kuna mtu kahesabu vibaya?

Kisha mwalimu akauliza, "Kwa nini ilifanya kazi?" Watu wakaanza kutaja nadharia. Mimi nikanyoosha mkono kwa mara ya kwanza, Kiingereza kikanikimbia, nikasema maneno mawili: dawa zilikuwepo. Akaniomba nieleze. Nikaeleza zahanati ilivyo wiki ya tatu ya mwezi dawa zikiwa zimekwisha, na mgonjwa ametembea toka asubuhi unamwandikia karatasi akanunue. Katika utafiti ule dawa zilipelekwa bila kukatika, wahudumu walifundishwa, na msimamizi alikuja kweli kuwatembelea. Kwao hicho kilikuwa kipengele cha jedwali. Kwangu ilikuwa miaka minane ya maisha. Darasa lilikuwa kimya, na yule daktari wa upasuaji akanipiga kiwiko kwa furaha.

Wiki iliyofuata walituletea utafiti wa Rakai, Uganda, wa 1999. Huko waligawa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kwa watu wazima wote kila baada ya miezi kumi, na maambukizi ya Ukimwi hayakupungua. Tulibishana saa mbili. Rakai virusi vilikuwa vimeshaenea kwa kama asilimia 16 ya watu wazima, Mwanza kwa kama asilimia 4. Tena kumtibu mtu siku anapoumwa si sawa na kumpa dawa kwa kalenda. Ubishi wa namna hiyo ndio somo lenyewe, na ndani yake muuguzi wa Ukerewe ana cha kusema kuliko daktari ambaye hajawahi kufungua stoo ya dawa akakuta maboksi matupu.

Ukipata Jumamosi, nenda Soho, mtaa wa Broadwick. Kuna pampu ya maji ya ukumbusho. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu mtaani hapo kwa siku chache, na daktari John Snow akazunguka nyumba hadi nyumba akiuliza mmekunywa maji ya wapi, mpaka akaifikia pampu ya mtaa huo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi, Malkia Victoria alipojifungua ndiye aliyempa klorofomu. Ninachokipenda katika hesabu zake ni mjane mmoja wa Hampstead, mbali kabisa, aliyekufa kwa ugonjwa uleule. Kumbe alikuwa anapenda ladha ya maji ya pampu ile, akawa analetewa. Swali la jirani mbea ndilo lililofanya kazi kuliko fomula.

Kwa matayarisho, tafuta kitabu cha hesabu cha sekondari, urudie asilimia, sehemu, uwiano na logi. R, programu ya kompyuta ya kukokotoa takwimu, ni ya bure. Ipakue sasa, uizoee kabla hujaikuta darasani.

Jambo moja la kuandika. Sisi chuo cha uuguzi tulisifiwa kwa kukariri mwongozo neno kwa neno. Insha yangu ya kwanza London niliandika hivyohivyo, aya mbili za mwongozo zilivyo, bila kutaja nilikozitoa. Niliitwa. Mwalimu alikuwa mpole, na upole wake ndio ulinitoa jasho, kwa sababu alidhani nimeiba makusudi. Kule maneno ya mtu ni mali ya mtu. Andika kwa maneno yako, na taja chanzo hata ukidhani kila mtu anakijua.

Kichocho. Nani kakuambia ni mada ya kijijini? Umeandika sentensi moja kwenye barua yako ambayo mimi ningeifanya tasnifu: dawa zinagawiwa shuleni, na wanaotapika damu ni wavuvi. Hebu isome tena. Praziquantel, hiyo dawa inayogawiwa, inaua minyoo ya kichocho iliyokomaa, michanga inaponea, na mtu akirudi majini konokono wenye vimelea wapo palepale wanamngoja. Kichocho cha ziwani kwenu ni cha tumbo. Mayai ya minyoo hiyo yanalikakamaza ini pole pole miaka na miaka, mishipa inavimba, ndipo damu. Huyo mvuvi wa miaka 40, dawa ya shuleni alikunywa lini? Alikuwa na shule? Yuko kambini siku ya ugawaji au yuko majini? Anza sasa hivi, kabla ya Septemba, kuandika maswali hayo kwenye daftari lako mwenyewe.

Lakini usinakili majina wala kumbukumbu za wagonjwa kwenye rejesta ukaenda nazo. Kutumia taarifa hizo kwa utafiti kunahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha chuo pia, na vyote viwili vina foleni. Tasnifu utaifanya majira yao ya joto, Juni mpaka Agosti. Mimi nilianza kuomba Machi nikaona niko mapema. Sikuwahi. Niliishia kuandika tasnifu ya maktaba juu ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Anza Novemba.

Viza nitapita haraka. Utahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki wanayoitambua wao, nacho kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikimbilie. Muulize mfadhili kwa maandishi kama analipa ada ya viza na ile ya huduma za afya. Hiyo ya pili, hadi ninapoandika, ni pauni 776 kwa mwaka, na kozi ya mwaka mmoja hutozwa mwaka na nusu, yaani 1,164. Kama halipi, ni bora ujue leo. Ukifika jisajili kwa daktari wa mtaa hata kama huumwi. Muhula ukiendelea sheria inakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na wewe muuguzi utashawishiwa zamu za usiku kwenye nyumba za wazee. Muhula wa kwanza kataa. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, nawe utadhani umeugua. Kunywa vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, ndivyo wanavyoshauri wenyewe, na utoke nje mchana hata kama ni kununua kitunguu.

Dagaa sikucheki hata kidogo. Nyama na maziwa usibebe, watakunyang'anya uwanjani. Samaki wakavu wanaruhusiwa. Funga mifuko miwili, kisha begi, vinginevyo koti lako la darasani litanuka Nansio kwenu mpaka Pasaka. Na usiwakaange jikoni mwa hosteli mlango ukiwa wazi. Nilifanya hivyo Jumapili moja ya Novemba, king'ora cha moto kikalia, na jengo zima, wanafunzi wa ghorofa sita na taulo zao, wakasimama nje kwenye baridi wakisubiri zimamoto. Mimi nilisimama katikati yao nimeshika mwiko.